Kuvu ya Mahindi na Sumu Yake: Mazungumzo kwa Wenyeji wa Kebirigo

Wasikilizaji, jambo litakalozungumzwa leo ni kuvu. Si kuvu zote, maana aina zake hazihesabiki, na nyingine ni chakula kizuri, kama uyoga uotao mashambani baada ya mvua. Wala si ile kuvu iletayo choa mwilini na mapunye katika vichwa vya watoto wa shule. Hiyo ni ya ukoo mwingine, na mara nyingi dawa ya zahanati huiondoa. Inayotajwa hapa ni jamii moja iitwayo aspagilasi, ambayo kila mtu wa Kebirigo ameiona kwa macho yake, ingawa pengine hakujua kwamba ina jina. Ndiyo ule unga wa kijani au wa manjano unaoonekana katika gunzi la hindi lililopigwa na mvua.

Jina lenyewe lina asili ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1729 padre mmoja wa Italia, Pier Antonio Micheli, aliyekuwa mtaalamu wa mimea, aliitazama kuvu hiyo kwa hadubini, akaona kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo kilichojaa vijimbegu pande zote. Akakumbuka kile kinyunyizio ambacho mapadre hutumia kuwanyunyizia watu maji ya baraka kanisani, akaipa kuvu jina la chombo hicho. Basi kitu kilichopewa jina la chombo cha baraka kimekuwa chanzo cha misiba mingi.

Hata hivyo si haki kuilaumu jamii nzima. Wajapani hutumia aina moja ya aspagilasi kutengenezea pombe yao ya mchele na mchuzi wa soya, na wameitumia hivyo kwa karne nyingi. Aina nyingine, ile nyeusi, hufugwa viwandani ili kutoa ukali wa ndimu unaotiwa katika soda. Mtaalamu James Currie wa Marekani ndiye aliyeonyesha njia hiyo mwaka 1917. Katika jamaa hii, basi, wamo wafanyakazi wazuri. Waovu ni wachache, na wawili kati yao yafaa wajulikane: ile ya rangi ya manjano, inayotia sumu katika nafaka, na ile ya rangi ya moshi, inayoingia katika mapafu.

Sumu ya kwanza haikugunduliwa kwa binadamu, bali kwa ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga wapatao 100,000 walikufa katika miezi michache, wala hakuna aliyejua ugonjwa wao ni gani. Mwishowe ikaonekana kwamba wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa yameota kuvu. Sumu iliyopatikana humo ikaitwa aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania wameitungia neno zuri zaidi, sumukuvu, na neno hilo ndilo litakalotumika hapa.

Sumukuvu haina ladha, haina harufu, wala haina rangi iwezayo kuonekana katika sufuria. Tena haifi kwa moto wa jikoni. Ugali uliopikwa mpaka ukaiva sawasawa, uji uliochemshwa saa nzima, au mahindi yaliyokaangwa kwa ajili ya busaa, yote hubakia na sehemu kubwa ya sumu iliyokuwamo. Kuvu yenyewe huweza kufutwa isionekane tena, nayo sumu ikabaki ndani ya punje. Kwa hiyo gunia linaloonekana safi si lazima liwe safi. Sheria ya Kenya huruhusu sehemu 10 tu za sumu katika sehemu bilioni moja za mahindi. Kwa maneno mengine, katika gunia zima la kilo 90 sumu inayoruhusiwa haifiki miligramu moja, ambayo ni uzito wa chembe chache tu za chumvi.

Pengine msikilizaji atasema kwamba haya ni mambo ya batamzinga na ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa hospitali kwa sababu ya kula mahindi yenye sumu hii, na 12 wakafa. Baadaye, mwaka 2004, ukaja msiba uliozidi huo. Katika Ukambani mvua ilikuwa haba na njaa ilikuwa imekwisha kuonekana. Watu wengine walivuna mapema wakiogopa wezi, na mahindi yakaingizwa yakiwa mabichi katika nyumba za kulala, ambamo hakuna upepo wa kuyakausha. Ilipofika Julai mwaka ule, watu 317 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 125 wamekufa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Wapimaji walipochukua mahindi na unga kutoka maduka ya sehemu zile, zaidi ya nusu ya vifurushi vilipita kiwango cha sheria, na katika kila vifurushi 100, vipatavyo 7 vilipita kiwango cha siku hizo zaidi ya mara 50. Tanzania nako, mwaka 2016, watu 20 walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Katika uchunguzi wa Ukambani lilitokea jambo linalostahili kuangaliwa sana. Waliougua na waliosalimika walikuwa majirani wa kijiji kimoja, wenye mvua moja na udongo mmoja. Lililowatenga lilikuwa namna ya kuweka akiba. Walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa kuliko wale walioyaweka katika ghala ya nje. Wazee wa Gusii waliojenga ekiage nje ya nyumba, imeinuliwa juu ya miti na kusukwa kwa fito ili upepo upite, hawakuwa na hadubini, lakini kazi yao ilikuwa ya maana kuliko wengi wanavyodhani siku hizi. Ghala hizo zimepungua sana. Gunia la plastiki lililosimamishwa katika pembe ya chumba limechukua mahali pake, na gunia hilo halipumui.

Sasa tuitazame Kebirigo yenyewe. Ni nchi ya juu, ya baridi na ya mvua, nayo mvua hiyo ndiyo inayostawisha majani ya chai. Lakini mvua ipendwayo na chai ni adui wa mahindi yaliyokomaa. Mahali pengi pa Kenya mkulima hungoja jua baada ya mavuno. Hapa jua la asubuhi hufuatwa na mawingu ya mchana, na anayeanika mahindi uani huyaanua mara mbili au tatu kwa siku. Zaidi ya hayo, mashamba yamegawanywa mara nyingi kati ya wana, na sehemu kubwa imepandwa chai. Jamaa nyingi hazivuni mahindi ya kutosha mwaka mzima. Hununua sokoni kwa fedha za chai, na mahindi hayo huja kwa malori kutoka mbali. Jambo la ajabu ni hili: mkulima anapopeleka majani yake katika kituo cha kununulia, hupimwa kwa mizani, hukaguliwa, na yaliyo mabaya hukataliwa mbele ya macho yake. Mkulima yule yule anaponunua debe la mahindi hutazama bei tu.

Madhara ya sumukuvu ni ya namna mbili. Mtu aliyekula nyingi kwa muda mfupi huharibika ini. Huchoka, hutapika, macho yake huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba, na pengine hutokwa na damu. Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine ya ini, hata mganga aweza kudanganyika asipouliza juu ya chakula. Kwa hiyo, watu wawili au watatu wa nyumba moja wakipata macho ya manjano pamoja, au mbwa wa nyumba akifa siku zile zile, yafaa mganga aambiwe habari ya mahindi bila kungoja kuulizwa, na unga kidogo upelekwe pamoja na mgonjwa.

Namna ya pili ni ya polepole, nayo huwapata watu wengi zaidi. Sumu kidogo kidogo ya miaka mingi huleta kansa ya ini, hasa kwa mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B, maana mawili hayo yakikutana hatari huzidi mara nyingi. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya kutokosa chanjo za watoto wachanga. Tangu mwaka 2001 kinga ya homa hiyo imo katika chanjo zinazotolewa nchini Kenya. Wataalamu wameona pia kwamba watoto wanaokula sumukuvu mara kwa mara hudumaa, ingawa bado wanachunguza ni kwa njia gani. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi asubuhi na jioni hupata sumu nyingi kwa uzito wa mwili wake kuliko baba yake. Uji wa wimbi, ambao wenyeji huuita wa obori, ukipokezana na ule wa mahindi, humpunguzia mzigo, mradi wimbi nalo liwe limekauka.

Yafaa sasa kusemwa machache juu ya ile kuvu ya rangi ya moshi. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, katika vumbi la nafaka, katika majani makavu na katika samadi, na kila mtu huzivuta kila siku bila kudhurika. Lakini aliyepata kuugua kifua kikuu akapona huweza kubaki na shimo katika pafu lake, na katika shimo hilo kuvu huweza kuota kama bonge. Miezi au miaka baadaye mtu huyo huanza kukohoa tena, kutoa damu, kukonda na kuchoka. Yeye na jamaa zake husema kifua kikuu kimerudi. Pengine kimerudi kweli. Lakini ikiwa makohozi yamepimwa na vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, afadhali daktari aulizwe habari za kuvu na picha ya kifua ipigwe. Vidonge vya kifua kikuu haviigusi kuvu hata kidogo. Dawa yake ni nyingine, kama itrakonazoli, ambayo hunywewa kwa miezi mingi, na wengine hupasuliwa. Mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazostahili kuchunguzwa upesi, na kuvu hii ya moshi iliwekwa katika kundi la kwanza pamoja na nyingine tatu.

Tukirudi kwa mahindi, lipo pia jambo la kutia moyo. Si kila kuvu ya manjano hutoa sumu. Zimo katika udongo wa Kenya zile zisizoweza kuitengeneza. Wataalamu walizichagua hizo, wakazipaka katika punje za mtama zilizouawa zisiote, na punje hizo hutawanywa shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu isiyo na sumu huwahi kushika mahali, na yenye sumu hukosa nafasi. Dawa hiyo, Aflasafe, iliandikishwa Kenya mwaka 2015, na kiasi chake ni kilo 4 kwa ekari. Mwenye shamba amwulize Bwana Shamba wake.

Lakini kwa wengi wa Kebirigo, kazi kubwa ni kukausha. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au jamvi. Yapurwe bila kuyapiga kwa magongo, maana punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu zichaguliwe na kuondolewa. Kazi hii huchosha macho, lakini sumu nyingi hukaa katika punje chache, na kuziondoa ni kuondoa sehemu kubwa ya sumu yote. Kukoboa kabla ya kusaga nako hupunguza.

Kupima ukavu kwa jino hakutoshi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, utie konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa. Itikise dakika moja, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhikamana, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Lakini inayotakiwa kwa akiba ya muda mrefu ni 13 na nusu, kwa hiyo yaongezwe jua la siku moja au mbili. Ndipo yaweza kutiwa katika yale magunia mapya yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, yanayozuia hewa isiingie. Mahindi mabichi yakitiwa humo yatachacha na kuoza.

Limebaki swali gumu kuliko yote, nalo ni gunia lililokwisha kuharibika katika nyumba yenye njaa. Mwaka 2004 Serikali ilitoa mahindi mengine kwa watu wa Ukambani, lakini katika mwaka wa kawaida hakuna anayekuja kubadilisha. Ndiyo maana mahindi hayo huenda kwa kuku, kwa ng'ombe, kwa mpika busaa, au sokoni. Kuku hudhurika kama batamzinga wale. Ng'ombe akila, sumu hupita katika maziwa na kurudi kwa mtoto yule yule aliyekusudiwa kuokolewa. Busaa huibakiza. Aliyeuza sokoni amemhamishia mwingine. Yaliyoota kuvu machache huweza kuchaguliwa punje moja moja, na yaliyo safi yakakobolewa na kuliwa upesi. Yaliyoota gunia zima yachimbiwe shimo mbali na kisima na kufukiwa, na mwenye kuyafukia ajifunge kitambaa puani na mdomoni, ili asivute lile vumbi la kijani.