Moto wa Nyumbani Wakati wa Baridi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya matumizi ya moto nyumbani wakati wa baridi. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya mambo ya mishahara na vyeo. Walakini laugusa mshahara wenyewe, na zaidi ya hayo laugusa uhai wa watoto wetu. Kwa hiyo twawaomba mtusikilize.

Wengi wetu tulizaliwa pwani au katika nchi za joto, kisha kazi ikatupeleka Mbeya, Njombe au Makete. Tangu Juni hata Agosti nchi hizo za juu hupata baridi kali. Huko Kitulo, kama mita 2,600 juu ya bahari, kuna usiku ambapo umande huganda juu ya majani. Mtu aliyezoea shuka moja huona ajabu, akakimbilia kuongeza makaa. Basi gunia lililotosha mwezi mzima haliufikii tena mwisho wa mwezi, na mshahara nao vivyo hivyo.

Shauri letu ni kwamba kabla ya kuongeza moto, yatupasa kulinda joto tulilo nalo.

Tuanze jikoni. Kuni mbichi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumika kuyakausha maji hayo badala ya kuipasha sufuria. Kwa hiyo kuni zipasuliwe mapema na kuanikwa mahali pasiponyeshewa. Maharagwe yalowekwe tangu usiku, na sufuria ifunikwe. Jiko la bati tupu hupoteza joto pande zote. Lile lenye udongo ndani yake, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, huweza kupunguza makaa kwa theluthi moja. Wala tusisahau kwamba kilo 1 ya makaa ya tanuri la udongo hula kilo 5 za kuni au zaidi. Anayeokoa makaa aokoa msitu.

Liko pia kapu la kupikia. Chukua kapu kubwa, ulijaze nguo kuukuu au majani makavu, ukiacha nafasi ya sufuria katikati. Maharagwe yaliyolowekwa yakisha kuchemka kwa nguvu dakika 20, tia sufuria ndani pamoja na kifuniko chake, uigandamize kwa mto mnene. Yataendelea kuiva kwa saa 3 au 4 pasipo kijiti kimoja cha kuni. Waingereza nao walipika hivi wakati wa vita vya 1939–1945, fueli ilipokuwa haba.

Na wenzetu wenye umeme wafanye hesabu. Kuchemsha ndoo ya lita 20 iliyo baridi ya nyuzi 15 hutaka kama uniti 2. Kuipasha hata nyuzi 40, ambazo zatosha kuoga, hutaka uniti 0.6 tu. Anayechemsha ndoo nzima kisha akangoja ipoe, alipa zaidi ya mara tatu.

Sasa twafika chumbani. Ni vyema kuziba nyufa za milango na madirisha, kutandika mkeka chini ya godoro, na kufunga mapazia kabla ya jua kutua. Lakini hapa ndipo penye hatari. Watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani, wakidhani kwamba makaa yasiyotoa moshi hayana madhara. Sivyo. Makaa yawakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa pumzi ingawa kifua chavuta. Kwanza huja kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliye usingizini hatambui hata hayo. Na kadiri chumba kilivyozibwa vizuri, ndivyo sumu inavyojaa upesi.

Kwa hiyo twaomba kanuni hii ishikwe katika kila nyumba: chumba kilichozibwa kisiwe na moto, na chumba chenye moto kisizibwe. Jiko lipashe chumba jioni, dirisha likiwa wazi, kisha litolewe nje kabla mtu hajalala, hata kama makaa yaonekana kuwa majivu. Akipatikana aliyezidiwa, atolewe upesi penye hewa safi na kupelekwa hospitali.

Mwisho, twaleta shauri moja kwa matawi ya nyanda za juu. Mtumishi mgeni akifika na jamaa yake kutoka nchi ya joto, kwa kawaida tunamwonyesha ofisi, soko na kisima. Na tumwambie habari ya jiko siku ile ile, kabla ya usiku wake wa kwanza, tena mbele ya mkewe na watoto, maana wao ndio watakaolala humo.