Simu Yako ni Radio



Mwaka 1993, jirani zetu wa Rwanda walianza kusikia radio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki mzuri, ikachekesha watu, kisha ikawafundisha kuchukia Watutsi. Mwaka 1994 ilitaja watu kwa majina, na wengi wao wakauawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wawili kati ya waanzilishi wake.

Zamani, kusema na watu wengi kulihitaji antena. Leo kila mtu anabeba radio mfukoni: WhatsApp, Facebook.

Basi tunyamaze? Hapana. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 23, inatupa haki ya kusema mawazo yetu. Barabara ikiharibika, mshahara wa mwalimu ukikawia, andika, uliza wakubwa. Lakini sema juu ya kazi ya mtu, si juu ya pua yake ao lugha ya mama yake. Kazi anaweza kuibadilisha. Kuzaliwa kwake hawezi. Tena sheria ya 1966 inaadhibu chuki ya kabila.

Wengine wanajitetea: "Mimi sikuandika, nilituma tu." Ndugu yangu, anayepeleka kuni hawezi kusema moto si wake.

Leo jioni ukipokea ujumbe unaosema "wale si Wakongomani, waondoke", fikiri jirani yako, ambaye mtoto wake anasoma na wako. Usiutume. Uufute.