Tulinde Kumbukumbu za Watoto Wetu


Kumbukumbu za ada za watoto yatima tunazihifadhi katika programu ya Microsoft Access. Faili lake haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na hata tukifuta majina ya zamani, halipungui mpaka libanwe kwa amri iliyomo ndani ya programu yenyewe.

Kwa hiyo tunaziomba parokia: kila mwezi, watumiaji wote wakishatoka, nakilini faili kwanza, ndipo mlibane. Picha zikae kwenye folda ya pembeni. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili laweza kuharibika. Nakala moja itunzwe nje ya ofisi.

Mtoto asikose ada kwa kuwa jina lake limepotea kwenye kompyuta.