Fimbo Yenye Kukutosha

Somo letu: 1 Samweli 17:38-39.

Muchezaji wa golfu akipiga mupira ukaenda kando, sisi tunasema upesi: huyu hajui. Fundi wa fimbo za golfu hasemi hivyo. Anamusimamisha wima, anapima kimo chake, kisha anapima kutoka kifundo cha mukono mupaka chini, kwa sababu watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono tofauti. Halafu anamutazama akipiga.

Kichwa cha fimbo kinapaswa kulala sawasawa juu ya udongo. Ncha yake ikiinuka sana, mupira wa mutu wa mukono wa kuume unaelekea kushoto. Ikiinama, unaelekea kuume. Basi mwenye fimbo isiyomufaa anakunja mugongo ili mupira unyooke, na kilema hicho kinakuwa desturi.

Karsten Solheim, aliyezaliwa Norwe na kukulia Marekani, alikuwa fundi wa viatu mbele ya kuwa injinia. Fundi wa viatu hakati muguu ili uingie katika kiatu. Mwaka 1972 kampuni yake, Ping, ilitoa chati ya rangi: vipimo vya mutu vinaonyesha rangi ya fimbo yenye kumufaa.

Wapendwa, mavazi ya vita ya Saulo hayakuwa mabaya, na mufalme aliyatoa kwa moyo mwema. Lakini Daudi alijaribu kutembea nayo, akayavua. Hakuna mutu aliyemuita muoga kwa sababu hiyo.

Na sisi je? Tunawapa vijana wote kazi moja, kuimba. Asiyeweza tunamuita muvivu, mwishoni haji tena. Labda mukono wake ni wa kutengeneza vyombo vya sauti, ao kutembelea wagonjwa. Nani alimupima?

Lakini fimbo ya kipimo chako haipigi yenyewe. Daudi alikuwa amezoea kombeo lake kule porini, akichunga kondoo. Aliyepata kazi yenye kumufaa, ajizoeze.

Juma hili, mbele ya kumuita mutu muvivu, tumutazame kwanza akifanya kazi tuliyomupa. Tumuulize: inakubana wapi? Kisha tumusikilize mupaka mwisho.

Mungu awabariki. Amina.