Soriasisi Haiambukizi

Ndugu zetu, tumeulizwa tena: "Nikinywea kikombe cha mwenye soriasisi, je, nitaambukizwa?" Hapana! Si ukoma, si upele, wala haitokani na uchafu. Kinga ya mwili hukosea njia, ngozi ikakua kwa siku chache badala ya wiki kadhaa, basi magamba hurundikana. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kijivu, na wengine hutibiwa choa bure.

Je, inapona? Haiishi kabisa, lakini hutulizwa. Jipakeni mafuta mazito mara tu mkishaoga. Zile krimu kali za sokoni, jamani, tuachane nazo. Ukizizoea kisha uache ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu. Na viungo vikikaza asubuhi, nendeni hospitali mapema, vikishaharibika havirudi.