Kuvaa Uhusika Peke Yako: Mchezo Uliojengwa kwa Lugha

1.0 Utangulizi

Fanani wa Kiswahili hutamka "Paukwa!" na hadhira humjibu "Pakawa!" Ndipo hadithi huanza. Kianzio hicho kina sharti ndani yake: pasipo wa kuitikia, hapana hadithi. Mhadhara huu unauliza swali linalotokana na sharti hilo. Je, mtu aliye peke yake anawezaje kutamba hadithi ambayo yeye mwenyewe haujui mwisho wake? Hoja inayotetewa ni kwamba anaweza, kwa mchezo wa kuvaa uhusika peke yake, na kwamba mchezo huo haudai mali wala ujuzi wa kitaalamu. Unadai lugha, pamoja na kitu kidogo cha kushika nafasi ya mwitikiaji.

2.0 Asili ya Mchezo

Katika mchezo wa kuvaa uhusika, mchezaji hujipa nafsi ya mtu mwingine, huamua kwa niaba yake na husimulia yanayomfika. Watoto wamekuwa wakifanya hivyo siku zote. Kwa sura yake ya kuchapishwa na kuuzwa kwa watu wazima, mchezo huu ulipata umaarufu kuanzia mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani. Huo ulikuwa mchezo wa kikundi: mmoja alikuwa msimulizi na mwamuzi, wengine wakawa wahusika. Aliyekosa wenzake alikosa mchezo, kama vile asiye na mshindani anavyokosa kucheza bao.

Pengo hilo lilizibwa hatua kwa hatua. Mwaka 1976 kilitolewa Buffalo Castle, kitabu kilichomwezesha mtu mmoja kucheza mchezo wa Tunnels & Trolls. Mwaka 1982 Waingereza Steve Jackson na Ian Livingstone walichapisha The Warlock of Firetop Mountain, kisa cha vifungu 400 ambamo msomaji huchagua njia na kurusha dadu. Hata hivyo, njia zote zilikuwa zimekwisha kuandikwa na mtu mwingine. Mythic, iliyotolewa mwaka 2003, ilivuka mpaka huo kwa kumpa mchezaji utaratibu wa kuuliza swali la ndiyo au hapana na kupata jibu kwa dadu. Kutoka hapo, ni hatua fupi kufikia mchezo huru usio na kitabu chochote.

3.0 Namna Unavyochezwa

Mfano utafafanua. Mchezaji amejivika nafsi ya nahodha wa jahazi anayefika Kilwa Kisiwani usiku. Anaandika katika daftari: "Nimeukaribia ufuko. Je, kuna taa inayowaka?" Anarusha sarafu, upande mmoja ukiwa ndiyo na wa pili hapana. Jibu ni hapana. Sarafu haisemi kwa nini taa haiwaki. Hilo ni juu ya mchezaji. Huenda wenyeji wamehama, au wanajificha, au mlinzi amelala. Anachagua sababu moja, anaisimulia, kisha anauliza tena.

Sarafu imeitikia "Pakawa". Pasipo jibu kutoka nje ya nafsi yake, mchezaji angejipatia kila alitakalo, na hadithi ingekosa mgogoro. Lakini mchezo huru si mchezo usio na kanuni. Katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu michezo ya watoto, mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alieleza kwamba kila hali ya kubuni ina kanuni ndani yake: mtoto anayejifanya mama hulazimika kutenda kama mama atendavyo. Vivyo hivyo, aliyejivika unahodha hawezi kuliacha jahazi likienda ovyo.

4.0 Kazi ya Lugha

Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1923, aliyaona mazungumzo ya mtoto na nafsi yake kuwa dalili ya fikra ambazo bado hazijamzingatia msikilizaji. Vygotsky alimpinga: kwake, usemi huo ni chombo cha kuongoza fikra, ambacho baadaye hugeuka kuwa usemi wa ndani. Mchezo unaojadiliwa huutoa usemi huo wa ndani na kuuweka tena hadharani, juu ya karatasi.

Kwa Kiswahili, kazi hiyo ina utajiri wa pekee. Nahodha akikutana na mtu ufukweni, mchezaji hana budi kuamua: ni nani atakayesema "Shikamoo" na ni nani atakayejibu "Marahaba"? Salamu moja imekwisha kupanga umri na heshima kabla kisa hakijaendelea. Kwa upande mwingine, kiambishi a- hakibainishi jinsia. Mgeni anaweza kufika, akaketi na kula, mchezaji akiwa bado hajaamua kama ni mwanamume au mwanamke. Na jiwe likipewa uhusika, litasema au atasema? Upatanisho wa kisarufi unageuka kuwa uamuzi wa kisanaa. Kiambishi -ka- nacho hufunga tukio na tukio: akashuka, akaita, akasubiri.

5.0 Hitimisho

Maandishi ya michezo yaliyotajwa yametungwa kwa Kiingereza. Kwa mchezo huru jambo hilo si kizuizi, kwa kuwa hakuna kitabu kinachosubiri kutafsiriwa. Mgonjwa aliye kitandani, mlinzi wa zamu ya usiku, mwanafunzi anayeona haya kusimama mbele ya wenzake: kila mmoja anaweza kuanza kwa penseli na sarafu.

Lililo hatarini ni kubwa kuliko burudani. Wanafunzi wengi hukutana na neno "mhusika" katika swali la mtihani tu, wakitakiwa kumjadili mhusika aliyeumbwa na mwingine. Lugha inayotumika kujibu maswali pekee humzoeza mtumiaji wake kuitikia bila kuanzisha. Inapendekezwa, basi, kwamba walimu wa fasihi wawape wanafunzi nafasi ya kucheza hivi, na daftari hizo zisitolewe alama. Zikisahihishwa, mchezaji ataanza kumwandikia mwalimu, na nahodha hatafika ufukoni.