Mlima Mmoja, Pande Mbili



Leo tuongee juu ya mlima Ruwenzori. Wengi wenu, watu wa Mutwanga na Bulongo, mmezaliwa chini yake. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita huko juu kwenye barafu. Wanande wako huku, Wakonjo kule, na wanasikilizana kwa lugha.

Mwaka 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi. Mlima ukawa maficho. Mwaka 1997 Uganda ilifunga njia za kuupanda upande wake. Waongozaji na wabeba mizigo wakakosa kazi. Mwaka 1999 UNESCO iliandika mbuga ile kati ya urithi ulio hatarini. Usalama uliporudi, mwaka 2001 njia zilifunguliwa, na mwaka 2004 mbuga ikatolewa katika orodha. Lakini vita ilivuka mlima ikabaki kwetu. Mbuga yetu ya Virunga iliandikwa mwaka 1994, na ingali humo. Mvua ni moja, barafu ni moja. Kilichotofautiana ni usalama.

Mtasema mlima ulioingiwa na bunduki umeharibika milele. Sivyo. Kule Italia, katika mlima Marmolada, mwaka 1916 na 1917 askari wa Austria na wa Italia walichimba mapango ndani ya barafu wapate kupigana. Leo watu wa nchi hizo mbili wanaupanda pamoja, na kuteleza juu ya theluji wakiwa na mbao miguuni.

Wakubwa, neno hili ni lenu. Shamba la aliyekimbia si shamba lisilo na mwenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, kanuni ya 21, zinasema mali iliyoachwa na waliohama ilindwe. Basi andikeni mipaka mbele ya mashahidi. Msiuze, msigawe. Mwenye shamba akirudi na kukuta nyumba ya mwingine, hapo vita ya pili inaanza.

Nanyi wazazi, wafundisheni watoto majina ya mito, ya mashamba na ya majirani wa pande zote mbili. Anayejua jina la jirani yake hadanganywi upesi kwamba ni adui.

Amani iwe nanyi. Kwaherini.